Damu ya mgonjwa kabla ya kubadilishwa nyonga: tusubiri au tupasue?

Mgonjwa akipangiwa kubadilishwa goti au nyonga, ndugu huanza kutafuta wa kuchangia damu. Wachache huuliza kwa nini huyu ataihitaji na mwenzake hataihitaji.

Sababu nyingi hazibadiliki: uzee, mwili mdogo, magoti mawili kufanywa kwa mpigo, au kurudia kiungo bandia kilicholegea. Inayobadilika, na yenye uzito kuliko nyingi, ni himoglobini (protini ya damu inayobeba oksijeni) anayoingia nayo mgonjwa. Mwenye gramu 14 kwa desilita akishuka kwa 3 hubaki na 11. Mwenye 10 hufika 7, na hapo madaktari wengi huagiza damu.

Kwa kipimo cha WHO, upungufu kwa mwanamume huanza chini ya 13, kwa mwanamke asiye mjamzito chini ya 12. Kwa upasuaji huu naona kipimo hicho kinawaonea wanawake. Mwanamke mwenye umbo dogo ana damu kidogo mwilini, ila kisu hakimpunguzii kiasi cha kuvuja. Wataalamu wanaotaka 13 iwe ya wote wana haki.

Wanaopinga kuahirisha upasuaji ili damu ipandishwe kwanza nao wana hoja. Mgonjwa amechanga fedha, amesafiri, hatembei. Vidonge vya madini chuma huchukua wiki kadhaa, na upungufu unaotokana na figo hauponi kwa vidonge pekee. Tena jaribio la PREVENTT la Uingereza, 2020, halikuona dripu ya madini chuma ikipunguza kuongezewa damu, ingawa hao walipasuliwa tumbo. Asidi ya traneksamiki, dawa ya bei nafuu, hupunguza uvujaji bila kusubiri.

Hata hivyo, kwa nyonga iliyosagika taratibu, sioni sababu ya kungoja kupima damu siku moja kabla ya upasuaji. Ipimwe siku tarehe inapotolewa. Bibi aliyevunjika nyonga ni habari nyingine: asisubirishwe. Na baada ya upasuaji tusikimbilie chupa ya damu. Jaribio la FOCUS la 2011, lenye wagonjwa 2,016 waliovunjika nyonga, lilionyesha kuwa kungoja hadi himoglobini ishuke chini ya 8, au dalili zijitokeze, hakukuongeza vifo.

Ubahili huo usivukishwe kwa vijana wa selimundu, ambao huku kwetu mifupa ya nyonga zao hufa mapema. Jaribio la TAPS la 2013 liliona kuwa walioongezewa damu kabla ya upasuaji walipata madhara machache kuliko wasioongezewa.