Waliokata Msitu Huu Ndio Walioutunza

Jumamosi ya mwisho ya Aprili nilituma picha moja katika kundi la ukoo wetu. Ilimwonyesha shangazi yangu, ambaye amekuja kutoka Kongwa kunitembelea, akiwa amesimama ndani ya msitu mdogo wa Bradfield Woods, katika Suffolk, mashariki mwa Uingereza. Nyuma yake kulikuwa na visiki vingi vilivyokatwa karibu kabisa na ardhi, bado vyeupe, na pembeni yake marundo ya fito na kuni yaliyopangwa kwa urefu. Kabla ya saa moja kupita, mpwa wangu aliye Dar es Salaam aliandika: "Kumbe na wao wanafyeka misitu, halafu wanakuja kutufundisha sisi." Wengi wakamuunga mkono.

Nilikasirika, na bado nimekasirika ninapoandika haya. Sina haja ya kuwatetea Waingereza, na baadaye katika makala hii nitasema jambo juu yao ambalo ukoo wetu unalijua vizuri kuliko wao. Kilichoniudhi ni imani iliyomo ndani ya sentensi ile, imani ambayo sote tulilelewa nayo shuleni, tukiimba juu ya kupanda miti na kuhesabu miche kwenye viriba: kwamba kukata mti na kuua mti ni jambo moja. Si jambo moja, na msitu ule ni ushahidi wa zaidi ya miaka 770.

Bradfield Woods uko kama kilomita kumi kutoka mji wa Bury St Edmunds. Ni msitu mdogo kweli, wa hekta zipatazo 70, na mtu anayetembea kwa mwendo wa shangazi, ambao si wa haraka, huumaliza kwa nusu siku huku akisimama kila anapotaka. Tulishuka kijijini na kuufikia kwa miguu, tukikatiza mashamba ya ngano na shayiri. Njia ya umma ilipita katikati ya shayiri, na shangazi alisita kuingia kwa kuogopa kukanyaga mazao ya mwenyewe. Ilibidi nimweleze kwamba katika nchi hii mkulima anayelima juu ya njia ya miguu anatakiwa na sheria kuirudisha ndani ya siku chache, na kwamba njia ikipita kati ya shamba lazima abakize angalau mita moja ya kupita. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Basi hapa mpita njia naye ana haki." Ardhi ile ni ya mfinyanzi mzito unaoshika buti kama ulimbo. Zaidi ya hapo mashamba yale hayana la kusimulia: ni makubwa, yamenyooka, na hayana kivuli.

Ukiingia msituni hali inageuka mara moja. Pembezoni kuna tuta la udongo na handaki la zamani lililochimbwa kwa mikono ili kuzuia mifugo. Msitu ulikuwa mali ya watawa wa abasia ya Bury St Edmunds, mpaka abasia ile ilipovunjwa mwaka 1539 katika enzi ya Mfalme Henry wa Nane, na bwawa lao la samaki lipo hadi leo ndani ya miti. Kumbukumbu za kukatwa kwa msitu huu zinaanzia mwaka 1252. Naomba msomaji asilipite neno hilo. Kinachokumbukwa tangu mwaka 1252 ni kukatwa kwake, wala si kuzungushiwa uzio na kuachwa.

Utaratibu wenyewe ni huu. Msitu umegawanywa katika vipande, na kila majira ya baridi, wakati miti imepukutisha majani, kipande kimoja au viwili hukatwa chini kabisa, hezeli, eshi, na jamii nyingine za miti zikienda pamoja, isipokuwa mialoni michache inayoachwa irefuke kwa ajili ya mbao. Kisiki hakiguswi. Mizizi yake imejaa chakula kilichohifadhiwa, na chini ya ganda kuna macho yaliyolala ambayo huamka pindi shina linapoondoka, kwa hiyo majira ya kuchipua yanapofika, kisiki kimoja hutoa machipukizi kumi, ishirini, yaliyonyooka na yenye nguvu kuliko mche wowote uliopandwa, kwa sababu mche unaanza na mzizi wa kidole ilhali chipukizi linaanza na mzizi wa mzee. Baada ya miaka 20 hadi 25, kipande kile kile hukatwa tena. Fito nyembamba zilikuwa za kufuma nyua za kondoo na za kuegemeza maharage, vibanzi vya kubania nyasi za paa, mti mnyoofu wa mipini ya reki, na kilichobaki kuni. Katika kijiji cha jirani kulikuwa na karakana ya reki iliyonunua miti ya msitu huu, na ninaamini karakana ile iliuokoa msitu kuliko hotuba yoyote, kwa kuwa msitu wenye mnunuzi wa fito kila mwaka haukosi mtu wa kuulinda.

Sasa nije kwenye kisiki chenyewe, kwa maana ndicho kilichonifanya nianze kuandika. Ndani ya msitu kuna kisiki cha eshi kinachokadiriwa kuwa na umri wa takriban miaka elfu moja. Eshi ulioachwa bila kukatwa kwa kawaida huzeeka na kufa ukiwa na miaka kama mia mbili hivi. Huu umekatwa, umekatwa tena, umekatwa vizazi hata vizazi, na kila ulipokatwa ulirudi kuwa kijana, huku kisiki kikitanuka kuelekea nje na katikati kikioza na kuacha uwazi, hivi kwamba leo unaona pete ya mashina na huamini kuwa ni mti mmoja. Shangazi alikizunguka taratibu, mkono ukigusa kila shina. Nilianza kumweleza kwa maneno marefu niliyoyaandaa tangu nyumbani, akanikatiza.

"Mwanangu, hiki ni kisiki hai."

Nilisimama. Neno hilo ni la kwetu Dodoma. Ndilo jina la kazi inayofanywa na wakulima wa Kongwa, Mpwapwa na Chamwino, ambao badala ya kupanda miche inayokauka kabla ya masika ya pili, wanatafuta visiki vilivyobaki ardhini, wanachagua machipukizi machache yenye afya, wanapogoa mengine, wanafunga kitambaa cha rangi ili kila mtu ajue kuwa mti ule una mwenyewe, kisha wanaulinda dhidi ya mbuzi. Shangazi anayo miti ya namna hiyo katika shamba lake. Amesafiri maelfu ya kilomita na kukuta jambo analolijua kwa mikono yake, limeandikwa katika kumbukumbu za watawa wa karne ya 13. Mpwa wangu alikuwa anatazama picha ya jambo hilo hilo akaona ufyekaji.

Na si kisiki tu kinachonufaika. Katika kipande kilichokatwa majira mawili yaliyopita, ambako jua limefika ardhini kwa mara ya kwanza baada ya miaka ishirini na kitu, ardhi yote ilikuwa imechanua: maua meupe ya chini kabisa, maua ya buluu yenye umbo la kengele, na ua la manjano liitwalo oksilipu ambalo hata Waingereza wengi hawajawahi kuliona, kwa kuwa nchini mwao linamea katika eneo dogo tu la mashariki. Katika kipande kisichokatwa kwa muda mrefu, hatua hamsini kutoka pale, kulikuwa na kivuli, majani makavu na ukimya. Mbegu zilikuwa zimelala humo zikisubiri panga. Naitingeli, ndege wa kahawia asiyevutia kwa macho lakini mwenye sauti ya ajabu, anayevuka Sahara kutoka Afrika Magharibi kuja kutaga Uingereza, hutafuta vichaka vizito vya miti iliyochipua miaka michache baada ya kukatwa. Ndege huyo amepungua mno nchini humu tangu miaka ya 1960, na mojawapo ya sababu ni kwamba misitu mingi iliacha kukatwa. Hatukumsikia. Tulifika mchana, na nilijilaumu kwa kutokwenda alfajiri.

Tulimkuta mzee mmoja wa kujitolea akichonga vigingi kwa nyengo iliyonolewa vizuri mno. Shangazi alitaka nimfasirie swali: nani anakula machipukizi haya? Mzee alielewa mara moja kwamba anaongea na mtu wa kazi. Akatuonyesha uzio na matawi yaliyorundikwa juu ya visiki, akasema ni kulungu, hasa wale wafupi walioletwa kutoka China ambao sasa wameenea kila mahali, na wasipozuiwa wanamaliza chipukizi lote kabla halijafika gotini. Shangazi alicheka kwa furaha. "Mwambie kwetu ni mbuzi." Walisalimiana upya, kana kwamba ndiyo kwanza wamekutana.

Najua hoja zinazoweza kuletwa dhidi yangu, na nitazikubali kwa kadiri zinavyostahili. Si kila msitu unapaswa kukatwa. Kaya, yaani misitu mitakatifu ya Wamijikenda wa pwani ya Kenya, zimesimama kwa sababu ya kutoguswa, na hakuna anayepaswa kupeleka panga huko. Si kila mti unachipua. Pwani, katika misitu ya mikoko, mti uitwao mchu ukikatwa hurudi, lakini mkoko wenyewe ukikatwa shina umekwisha, na mkataji wa boriti asiyejua tofauti hiyo ni hatari. Mkaa wa miji yetu unachukua mti kwa pupa isiyosubiri miaka hata mitano. Na kisiki nacho kinaugua: ugonjwa wa kuvu unaoua miti ya eshi, uliogunduliwa katika misitu ya Uingereza mwaka 2012, umeshaingia mashariki yote, na mzee yule alipoutaja sauti yake ilishuka. Yote haya ni kweli. Hakuna hata moja linalofanya kukata kuwe kuua.

Kinachoua ni kung'oa. Katika miaka ya 1960, zama ambazo kila kipande cha ardhi kilihimizwa kulimwa, sehemu kubwa ya Monks' Park, ambayo ni nusu ya pili ya msitu huu, iling'olewa mizizi na kugeuzwa shamba. Karne saba za mapanga hazikuutoa msitu ule ardhini, matrekta yaliutoa. Sehemu iliyosalia ilinunuliwa na watu wa hifadhi mwaka 1970, na kilicho ng'ambo ya uzio leo ni yale mashamba yaliyonyooka niliyoyapita kwa maneno machache.

Na hapa ndipo moyo wangu unapouma, kwa sababu Kongwa tunayajua matrekta hayo. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianza pale mradi wa karanga, ikikusudia kusafisha zaidi ya ekari milioni tatu za Afrika Mashariki na Kati, nyingi zikiwa Tanganyika. Walileta mashine nzito, baadhi zikiwa zimeundwa upya kutokana na vifaru vya vita, ili kung'oa vichaka pamoja na mizizi yake yote. Udongo uliogandamizwa ukawa mgumu kama tofali wakati wa kiangazi, mvua zikakosa, na mwanzoni mwa mwaka 1951 mradi ukaachwa baada ya kupoteza mamilioni ya pauni. Babu yangu, baba yake shangazi, alifanya kazi ya kibarua katika mradi ule. Miaka ile ile, katika Suffolk, kulikuwa na watu waliojua kwamba kisiki hakiguswi, walioupokea ujuzi huo kwa baba zao waliojifunza kwa baba zao, na hakuna aliyefikiri kuwauliza. Wala hakuna aliyewauliza Wagogo. Waliotumwa Kongwa walikuwa na haraka, na kisiki hakina nafasi katika mipango ya watu wenye haraka.

Kwa hiyo ninapoambiwa kwamba Wazungu wanafyeka halafu wanatufundisha, najibu kwamba walipotufundisha kung'oa, walitufundisha jambo lililowaangamizia hata misitu yao, na kwamba jambo jema walilokuwa nalo halikuwa geni kwetu. Nataka vijana wa ukoo wetu waweze kutazama picha ya kisiki na kuuliza swali la shangazi, nani anakula machipukizi haya, kabla ya kuuliza nani amekata.

Jioni, tukisubiri basi kando ya barabara, buti zikiwa nzito kwa tope, shangazi aliniomba simu. Kongwa ilikuwa imeshaingia usiku. Alimpigia binamu yangu na baada ya salamu alimwuliza juu ya visiki vilivyo nyuma ya zizi, vile ambavyo alikuwa amemwambia kabla ya kusafiri aving'oe ili apanue kibanda cha mbuzi. Nilimsikia binamu akijibu kwamba viwili ameshaving'oa, mama, vimebaki vitano. Shangazi alikaa kimya kwa muda, akitazama upande wa msitu ambao sasa ulikuwa mstari mweusi juu ya shayiri, kisha akamwambia aache kazi hiyo kesho asubuhi, atafute kitambaa chekundu, na avifunge vyote vitano.