Weupe kwenye picha za Sungi Mlengeya ndo picha yenyewe

Kuna maneno nayasikia sana watu wakiona picha za mchoraji Sungi Mlengeya kwa mara ya kwanza, eti mbona haijaisha, mbona kapaka ngozi tu nguo kaziacha. Hapana jamani, hebu angalieni tena.

Sungi kazaliwa Dar 1991, kasomea mambo ya fedha, kafanya kazi benki, kuchora kajifundisha mwenyewe, na 2018 akaacha kazi akahamia kwenye brashi moja kwa moja. Anachofanya ni hiki, turubai jeupe, rangi za akriliki, wanawake weusi, na anapaka ngozi tu, uso, shingo, mikono, miguu, kwa ile kahawia nzito inayoelekea kwenye weusi, halafu nguo nazo nyeupe zinapotelea kwenye weupe wa nyuma hadi hujui gauni linaishia wapi. Hamna ukuta, hamna mti, hamna kiti. Jicho lako ndo linamalizia bega, linamalizia mgongo, na mpaka umalize ushakaa na huyo dada muda mrefu kuliko ulivyopanga.

Sisi tumekulia kwenye Tingatinga, ubao umejaa kona hadi kona, twiga, ndege, majani, nukta nukta, na naipenda sana ile sanaa aliyoianzisha marehemu Edward Saidi Tingatinga, ila imetuzoesha kuona picha nzuri ni iliyojaa. Sasa mtu wa hapahapa kuacha nusu ya turubai wazi inataka moyo, maana hakuna pa kujificha, shavu likikosewa limekosewa mbele za watu wote.

Ndo maana maonyesho yake ya kwanza ya peke yake, Just Disruptions ya 2021, yananigusa. Yalifanyika Kampala, Afriart Gallery, ile galari aliyoianzisha Daudi Karungi 2002. Yaani mtu hajasomea sanaa, miaka mitatu tu tangu atoke benki, anapewa kuta nzima aweke kitu kisichofanana kabisa na vile vya kuuzia watalii, na wakamwamini. Mwaka uliofuata kazi zake zikawa London, Africa Centre, safari hii miili inacheza, mikono inarushwa, na weupe bado uko palepale.

Waganda nawapongeza kwa moyo wote, ila na Dar naitaka iwe hivyo. Nafasi Art Space pale Mikocheni wanajitahidi na studio zao za makontena, lakini kuta za kumpokea mchoraji mchanga anayejaribu kuchora sura za watu kwa namna ambayo bado haina wateja ni chache mno. Wenye hoteli, wenye mabenki, wenye maofisi makubwa pale mjini, kuta mnazo na zimekaa tupu. Mpeni mmoja mwezi mzima, wekeni taa nzuri, msimchagulie achore nini, na bei mwacheni apange mwenyewe.