Mlinzi Tumeshamcheka vya Kutosha

Jumamosi nilimpeleka binti wa dada yangu kwenye vichekesho, Masaki. Mchekeshaji akaleta mlinzi: kalala getini, bosi anapiga honi, mlinzi anakurupuka kupiga saluti na suruali inamdondoka. Ukumbi hoi. Nyuma yake bango la mdhamini, kubwa kuliko jukwaa lenyewe.

Binti hakucheka. Saa tatu na nusu usiku bosi wake alikuwa ametupia orodha kwenye grupu la kazini: nani kauza bima ngapi, watatu wa mkiani wamepakwa rangi nyekundu. Yeye wa pili kutoka chini. Mshahara hana, ni kamisheni. Nauli yake, vocha yake, jua lake. Eti cheo chake ni "balozi". Balozi gani anagombania daladala ya Mbagala?

Nikamkumbuka David Mamet. Mwandishi huyu wa tamthilia, Mmarekani, aliwahi kufanya kazi katika ofisi ya madalali wa ardhi Chicago, na humo akachota Glengarry Glen Ross, tamthilia iliyopanda jukwaani London mwaka 1983 na kupata tuzo ya Pulitzer mwaka uliofuata. Wauzaji wamewekewa mashindano: wa kwanza anapata Cadillac, wawili wa mwisho wanatimuliwa. Viwanja vyenyewe vya Florida ni uchafu mtupu. (Kama uliwahi kuoneshwa kiwanja kiangazi, ukarudi masika ukakuta vyura, unavijua.) Majina ya wateja wa maana wanapewa wanaoongoza tayari. Mzee Levene, aliyekuwa moto enzi zake, anambembeleza meneja ampe mawili tu. Meneja anataka dola 50 kwa kila jina, taslimu. Mzee hana hata hela ya hongo! Unacheka, halafu koo linakukauka. Na wenye kampuni, Mitch na Murray? Hawaonekani jukwaani hata mara moja.

Sisi kicheko chetu kinateremka tu. Tulikirithi shule za mkoloni, vichekesho vya kumkejeli mtu asiyesoma, na mpaka leo ni mshamba, hausigeli, mlinzi. Bosi yeye anapiga honi tu na kupita. Mwandishi Dario Fo kule Italia, mwaka 1974, alileta jukwaani kina mama wanaobeba vyakula dukani bila kulipa kwa kuchoshwa na bei, na Nobel akapewa. Hapa angepewa bango gani?

Haya, najua, mchekeshaji naye ana kodi ya nyumba, na mwenye bango ndiye anayemlipa. Na ile saluti, nisiwe mnafiki, nilicheka.

Kwenye bajaji nikamsimulia binti. Akasikiliza kimya, kisha akauliza, "Mjomba, yule mzee walimpa majina?"

"Hawakumpa."

Akawasha simu. "Basi nipe namba yako ya kitambulisho, ya NIDA."

Kabla hatujafika kituo cha Morocco nilikuwa na bima ya maisha.