Bibi Harusi Aliyegeuka Sufuria ya Pilau

Albamu ilishafika Tabata. Ukurasa wa tatu, juu ya maandishi ya dhahabu "Bibi harusi akiingia ukumbini", palikuwa na sufuria ya pilau iliyofunikwa kwa sinia. Simu ya studio ikalia, na mimi ndiye niliyekuwa karibu nayo.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Hivi mwanangu na hiyo sufuria mmewafananishia wapi?"

Dogo wetu wa kompyuta alikuwa kajikunyata nyuma ya skrini. Bosi alimwagiza aharakishe programu inayosahihisha rangi, kupunguza picha na kugonga nembo. Picha 1,200 zilikuwa zinakula saa nzima kwa kori moja, yaani kitengo kimoja cha hesabu ndani ya prosesa, nyingine saba ziko kijiweni. Dogo akafungua vibarua wanane kwa lugha ya programu ya Python, yaani nakala nane za programu zinazofanya kazi kwa wakati mmoja, kila mmoja na kori yake. Kazi ikaisha chap, bosi akamnunulia chipsi kuku, faili zikaenda kwa mchapaji. Hakuna aliyefungua hata picha moja.

Nikaingia kwenye msimbo. Kila picha ikishapunguzwa ilihifadhiwa kwanza kwenye faili moja, muda.jpg, kisha hatua ya nembo inalisoma faili hilohilo. Akiwepo kibarua mmoja, raha mustarehe. Wakiwa wanane, wa kwanza anamweka bibi harusi, na kabla hajamsoma, wa tano keshamwekea sufuria juu yake. Wa kwanza anasoma sufuria, anaigonga nembo, anaihifadhi kwa jina la bibi harusi. Hakuna ujumbe wa kosa, maana kila mmoja kafanya alichoagizwa. Aliyesoma wakati mwenzake bado anaandika alipata JPEG iliyokatika, juu picha, chini kijivu. Ndiyo maana ukurasa wa saba bwana harusi hakuwa na miguu.

Tukaifuta muda.jpg kabisa. Picha ikibaki kwenye RAM, kumbukumbu ya muda ya mashine, kati ya hatua na hatua, hakuna faili la kugombania. Kama ni lazima liwepo, jina lake libebe namba ya kibarua.

Dogo akapata nguvu, akaendesha upya. Mashine ikaganda, hata mshale wa kipanya ukagoma. JPEG ya pikseli 6000 kwa 4000 ni MB chache tu kwenye diski, lakini ikifunguliwa ni MB 72. Hatua ya rangi ilikuwa inaigeuza kuwa namba za desimali za baiti nne, hapo ni MB 288, na dogo alikuwa anashika nakala tatu. Zidisha kwa vibarua wanane: karibu GB 7, kwenye mashine ya GB 8 yenye Windows na vichupo kibao vya kivinjari. RAM ikijaa, mashine inahamishia mzigo kwenye diski, na hapo hata konokono anakupita.

Dawa ilikuwa kugeuza mpangilio: punguza kwanza hadi pikseli 2000 kwa upana, ndipo usahihishe rangi. Nakala ya desimali ikashuka hadi MB 32 hivi. Halafu kuna OpenCV, maktaba ya kuchakata picha tuliyotumia, ambayo nayo hufungua nyuzi zake yenyewe, yaani vijikazi vinavyokwenda sambamba. Vibarua wanane wakifungua nyuzi nane kila mmoja, ni 64 zinazogombea kori nane. Iambie setNumThreads(1) ndani ya kila kibarua, ibaki na uzi mmoja tu.

Kurasa za albamu tukachapa upya bure. Bosi, badala ya kununa, akaona fursa: "Tukinunua ya kori 64, si itaisha kwa dakika moja?"

Nikamtolea hesabu ya Gene Amdahl, mtaalamu wa kompyuta, ya mwaka 1967. Kama sehemu ya kumi ya kazi haigawanyiki, kori 64 haziongezi kasi hata mara tisa. Na kwetu kila kitu kinasomwa kutoka diski moja ya nje, ya kuzunguka, si SSD ya chipu iliyo na kasi zaidi, yenye waya wa USB ulioshikwa kwa selotepu.

Bosi akaitazama diski, akaitazama selotepu.

"Kwa hiyo tununue selotepu nyingine?"

Dogo akaandika kwenye daftari la manunuzi: SSD, 1.