Plazima haichomi plastiki

Makala yenu kuhusu kutengeneza kaboni kutokana na plastiki imeeleza vizuri kwamba polima (plastiki, yaani molekuli za minyororo mirefu) yenye vitundu hupitishwa kwenye plazima (gesi iliyotiwa umeme hadi ikawa na elektroni huru) kabla ya kugeuzwa kaboni, ila kusema plazima "inaichoma" si sahihi, ndugu mwandishi. Hata kugeuza kaboni kwenyewe ni kupasha joto bila hewa: mchoma mkaa hufunika tanuri kwa udongo hewa isiingie; maabara hutumia gesi ya nitrojeni, joto likapanda hadi nyuzijoto 800 au 1,000. Shida iko kabla ya hapo. Polistirini, aina mojawapo ya plastiki, ikipashwa joto hulainika, vitundu vikajifunga, na sehemu kubwa ikaishia kuwa mvuke. Plazima ya shinikizo dogo ina elektroni zenye joto la makumi ya maelfu ya nyuzijoto huku gesi yenyewe ikibaki vuguvugu, kwa hiyo huunganisha minyororo ya polima bila kuiyeyusha. Umbo linabaki! Nimefurahi sana kuona jambo hili likiandikwa kwa Kiswahili.

Lakini mmelipita swali kubwa: plazima inafika kina gani ndani ya plastiki? Chembe zake nyingi huishia karibu na uso, na kipande kinene huweza kubaki kibichi katikati. Tafadhali mtuandikie unene wa sampuli ambayo watafiti walitumia.