Orodha ya Vitabu Ilitoka Wapi?

Moshi, ambako Kibosho na Kilema wengi ni Wakatoliki na Machame wengi ni Walutheri, ubishi kuhusu vitabu vipi ni vya Biblia, na nani aliyeamua, huibuka hata misibani. Mkatoliki akiomba Misa ya kumwombea marehemu, shemeji yake wa KKKT, Kanisa la Kilutheri, humwambia: nionyeshe kwenye Biblia. Mkatoliki anafungua 2 Wamakabayo 12, Yuda Makabayo anapochangisha drakma 2,000 za fedha na kuzipeleka Yerusalemu ili sadaka itolewe kwa ajili ya waliokufa vitani. Kumbe kitabu hicho shemeji hana. Biblia ya Kikatoliki ina vitabu 73, ya Kilutheri 66, na Maandiko hayawezi kuamua wakati kinachobishaniwa ni Maandiko yapi.

Wakatoliki husingiziwa kwamba wamemweka Papa juu ya Biblia. Hati ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mkutano mkuu wa maaskofu, kuhusu Ufunuo wa Mungu, ya 1965, inasema wazi katika namba 10: mamlaka ya kufundisha haiko juu ya Neno la Mungu, hulitumikia. Hoja yao ni nyingine: Biblia haijitajii orodha ya vitabu vyake, Kanisa ndilo liliipokea. Hakuna mstari unaosema Waraka wa Yuda ni Neno la Mungu. Mwanzoni mwa karne ya 4 Eusebio wa Kaisaria, askofu na mwanahistoria wa Kanisa, bado aliutaja miongoni mwa vitabu vyenye ubishi, pamoja na Yakobo, 2 Petro, 2 na 3 Yohana. Kodeksi ya Sinai, nakala ya kale ya Biblia iliyoandikwa kwa mkono karne hiyohiyo, ina Waraka wa Barnaba na Mchungaji wa Herma baada ya Ufunuo. Mwaka 367 ndipo Askofu Athanasio wa Aleksandria, katika barua yake ya Pasaka, anaorodhesha vitabu 27 vya Agano Jipya vilevile tulivyonavyo. Miaka zaidi ya 300! Muda wote huo watu walibatizwa, wakaumega mkate, wakaifia imani. Na kitabu kilipimwa hivi: kimetoka kwa mitume? Kinasomwa ibadani katika makanisa mengi? Kinapatana na imani iliyopokewa? Kipimo hicho cha mwisho hakifanyi kazi bila imani iliyokuwa tayari inafundishwa.

Walutheri hujibu kwamba Kanisa lilivitambua vitabu, halikuvipa mamlaka. Tena Kanisa hukosea: kabla Mtaguso wa Konstanz (1414–1418) haujamaliza mgogoro, watu watatu kwa pamoja walidai upapa. Na katika Marko 7 Yesu anawakemea wanaotangua neno la Mungu kwa mapokeo yao. Hoja hii inabana kweli, na Mkatoliki asiipuuze.

Lakini anayetambua lazima aaminiwe. Luther mwenyewe, katika Agano Jipya la 1522, alisogeza Waebrania, Yakobo, Yuda na Ufunuo mwishoni kwa sababu alivitilia shaka. Walutheri wa leo wanavisoma bila wasiwasi, maana Kanisa lilivipokea. Mtoto wao wa kipaimara naye hufundishwa Katekisimu Ndogo ya Luther ya 1529. Hapewi Biblia tu akajisomee.

Kuhusu Wamakabayo, shemeji ana jibu zuri: Hieronimo, mtafsiri wa kale wa Biblia kwa Kilatini, alishikilia orodha ya Kiebrania, isiyo na Wamakabayo. Ila kumfuata Hieronimo, au Wayahudi waliohifadhi orodha hiyo, nako ni kuchagua mamlaka ya kuaminiwa kabla kitabu hakijafunguliwa.