Pini ya 41 na ya 42

Kila nikioneshwa PlayStation 2 nyembamba iliyotiwa diski ngumu (hard disk) ndani, mwenyewe hufungua mfuniko akanionesha nyaya. Thelathini na kitu, nyembamba kama unywele, zimelehemiwa moja moja kwenye bodi. Kazi nzuri, sibishi. Mimi huzipita zote nikaenda mwisho wa soketi ya diski, pini ya 41 na ya 42, nikauliza: hizi umezipa umeme kutoka wapi? Hapo mazungumzo hupoa.

Kwa asiyeijua kazi hii: PlayStation 2 nyembamba ya mwanzo, ile ya namba 70000 iliyotoka 2004, haina nafasi ya diski kama ilivyokuwa ile kubwa iliyoitangulia, lakini njia za kuzungumza na diski zimebaki ndani ya bodi yake. Ndiyo maana mafundi huitafuta hiyo. Ukiunganisha diski ya laptopu ya kizamani, gemu husomwa humo na kile kijicho cha CD kikapumzika. Soketi ya diski hizo ina pini 44. Arobaini za mwanzo ni za maneno, yaani data na amri. Ya 41 inalisha saketi za diski kwa volti 5, ya 42 inalisha mota kwa volti 5, ya 43 ni ardhi, njia ya umeme kurudi. Bodi ya mashine inakupa maneno tu. Chakula utajitafutia.

Na watu hujitafutia palipo karibu. Mimi nilikuwa wa kwanza.

Mashine ilikuwa ya mpwa wangu, ana kibanda cha gemu Chake Chake, akaniletea Unguja kwa boti imefungwa ndani ya khanga. Nililehemu siku mbili, mgongo ukanikatika. Nilipofika kwenye umeme nilikuwa nimechoka, nikaona mguu wa soketi ya USB una volti 5, nikachukua hapo. Kwenye mita ilisoma 5.1. Nikafunga, nikaiwasha, diski ikalia tik, kimya, tik, kimya. Nikadhani diski mbovu. Nikabadilisha. Ya pili iliwaka, mpira ukachezwa dakika kumi na kitu, mtu anakwenda kufunga, picha ikaganda mguu uko hewani.

Nilipoiacha mita imeshikilia pale pale huku diski inazunguka, ilisoma 4.6. Diski hizi zinataka kati ya 4.75 na 5.25. Na hiyo ni ile mita inayoiona. Mita ya bei rahisi ni nzito wa macho, ule mshuko wa kufumba na kufumbua mota inapoanza kuzunguka haiuoni kabisa.

Mtaani kwetu jirani akiwasha pampu ya kuvuta maji, bomba letu linakohoa. Maji yamo, mpira mzima, lakini yeye anavuta kuliko njia inavyoweza kupitisha. Volti nilizopima wakati hakuna anayevuta ni sawa na kufungua bomba saa nane za usiku ukasema hapa maji hayana shida. Diski ya laptopu ikianza kuzunguka inavuta karibu ampea 1, ikitulia inashuka nusu ya hapo au chini yake. Soketi ya USB imepimwa kwa ampea nusu, na njia yake ndani ya bodi haikuchorwa kwa zaidi ya hapo. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni wangu alikuja, na mwenyeji akashikwa na homa.

Kwa hiyo msimamo wangu, na najua kuna watakaoununia: kifaa chochote unachokitia ndani ya mashine ya zamani kiwe na njia yake mwenyewe ya umeme, kutoka pale adapta inapoingilia, na njia hiyo uipange kabla chuma cha kulehemia hakijapata moto. Usichukue pale kidole kilipofika.

Sisi Unguja tulipaswa kulijua hili kuliko wengine. Desemba 2009 kebo ya chini ya bahari kutoka Bara ilipokufa tulikaa gizani karibu miezi mitatu, na mtu mzima na mtoto wote wakawa mabingwa wa kuuliza umeme unaingilia Fumba au wapi. Umeme uliporudi tukasahau kuuliza.

Basi nikaenda pale adapta inapoingilia. Hapo ni volti 8.5, na adapta ya asili inatoa mpaka ampea 5.65. Nafasi ipo. Nikatia kile kidude cha miguu mitatu ambacho kila fundi redio anacho kwenye kopo, 7805. Kinapokea 8.5 kinatoa 5. Kilifanya kazi vizuri sana kwa nusu saa. Tatizo la 7805 ni kwamba zile volti 3.5 zinazozidi hakizipeleki popote, kinazigeuza moto. Mara ampea nusu, ni wati 1.75. Ukisoma kwenye karatasi ni kidogo. Ndani ya sanduku la plastiki nyembamba kama msahafu mdogo, mwezi wa Februari, kaskazi limesimama, ni pasi ya nguo. Kidole changu cha shahada kina alama mpaka leo. Kidude chenyewe kina adabu, kikizidiwa na joto kinajizima, na kikijizima diski inalala, na picha inaganda mguu uko hewani. Safari hii mpwa wangu hakusema kitu. Alinitazama tu.

Kilichomaliza kesi ni kishusha volti cha aina nyingine, kile kinachokatakata umeme badala ya kuuchoma. Nilipata chenye chipu ya LM2596, kipande cha bodi cha ukubwa wa kibiriti, hata ukikivutia ampea 1 kinabaki vuguvugu. Lakini kina mtego. Juu yake kuna skurubu ndogo ya shaba ya kupandisha na kushusha, na ukikitoa kwenye pakiti hujui kimewekwa wapi. Changu kilikuwa kinatoa karibu kila kilichoingia. Ningekiunga moja kwa moja ningeizika diski ya tatu. Kiwashe mezani peke yake, mita upande wa kutokea, zungusha skurubu mpaka isome 5.0 au 5.1 (huenda ukazungusha mara kumi bila kuona mabadiliko, usikate tamaa), kisha tia tone la rangi ya kucha juu ya skurubu isitembee. Rangi ya kucha ya mke wangu. Naye analo la kusema juu ya hili.

Kabla ya kishushio nikaweka fyuzi ya ampea 2. Baada yake, karibu kabisa na diski, kapasita ya mikrofaradi 470, iwe akiba ya ule mshtuko wa kuanza kuzunguka. Waya wa ardhi mnene na mfupi. Nimeona kazi ambazo waya mwekundu ni mnene kama kamba ya jahazi na mweusi ni uzi, kana kwamba umeme hauhitaji kurudi.

Ikabaki dosari moja ambayo niliigundua usiku, nyumba imetulia, nikasikia diski inanguruma na mashine imezimwa. Bila shaka. PlayStation nyembamba ikizimwa kwa kitufe haikati umeme wa adapta, inasinzia na taa nyekundu, na mimi nimeunga kabla ya kitufe. Nikatia relei ndogo ya volti 5, yaani swichi inayowashwa kwa umeme, inayoamrishwa na ile 5 ya USB. Kazi ya USB sasa ni kusema washa, zima. Kubeba mzigo, hapana.

Wapo wanaoniambia yote haya ya nini, weka kadi ya kamera kwa adapta yake badala ya diski, haina mota, inavuta umeme kidogo mno. Ni kweli, na leo mtu akianza upya nami ningemwambia hivyo hivyo. Lakini mwenye diski mkononi hana kadi, na kadi ya gigabaiti nyingi si bei ya mtoto wa kibanda. Wapo pia wa "mbona yangu nimeunga kwenye USB na mwaka wa pili inacheza?" Inacheza, ndiyo. Nipimie huku inazunguka, kisha nipimie tena saa mbili usiku ukiwa na adapta ya bandia, ile iliyoandikwa ampea 5.65 na ukiishika ni nyepesi kama andazi.

Ile ya mpwa wangu ilikaa miezi saba bila kosa. Wiki iliyopita akapiga simu kutoka Chake: "Mjomba, imeanza tena." Nikamwambia afungue mfuniko anitumie picha. Diski pale pale, kishushio pale pale, tone jekundu halijaguswa. Na kutoka kwenye pini ya 42, waya mpya wa buluu unatoka nje kupitia tundu la feni, kwenda kwenye mkanda wa taa za rangi uliozungushwa kibanda kizima.

"Rafiki yangu ndiye aliyetia," akasema. "Kaona pana volti 5."